Beringi iliyoungua kuliko zote haina la kusema

Katoni ya filta imepasuliwa na kutandazwa juu ya meza ya chuma, katika gereji moja ya Ndeeba, Kampala. Juu yake vimelazwa vipande 18 vya beringi, bapa za nusu duara ambamo krenki, shafti kuu ya injini, huzunguka: vinane vya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), kumi vya meni (zinazoishika krenki kwenye bloku). Injini ni ya dizeli, silinda nne, haina tabo, imetoka kwenye lori la tani nne linaloleta viazi Kampala kutoka Kisoro. Ilishafanyiwa ovahoo. Krenki ilichongwa, beringi mpya zikafungwa. Wiki sita baadaye ikaanza kugonga tena.

Fundi anaokota kipande cha juu cha konrodi namba tatu. Ni cheusi, bitana yake, ile ngozi laini ya ndani, imeyeyuka ikasukumwa pembeni kama samli. Anakiinua mwangani.

"Hii ni ukosefu wa oili, mzee. Pampu ndiyo imeua."

Dereva anaitikia. Tanboi anaitikia. Mwenye lori yuko Bunagana, kwenye simu, tayari anauliza bei ya pampu. Fundi ni mtu wa Tororo, dereva ni wa mpakani mwa Kongo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kwa hiyo hukumu ilitolewa kwa maneno machache ambayo kila mmoja aliyaelewa papo hapo.

Hukumu ile imenisumbua wiki kadhaa sasa. Si kwamba ilikuwa ya kijinga. Ilikuwa na akili, na bado ilikosea.

## Kila kifo huishia kwenye ukavu

Krenki inayozunguka haigusi beringi, ukiacha sekunde chache za kuwasha na kuzima. Inaelea. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano kwenye beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, akakuta oili inapanda kutoka tunduni. Akaliziba kwa kizibo cha mbao, kizibo kikasukumwa nje. Ndipo ilipoonekana kwamba ekseli ikizunguka hujivutia oili chini yake na kujinyanyua, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaandika hesabu za jambo hilo.

Kwa hiyo pampu kazi yake ni kufikisha oili. Anayeinyanyua krenki ni mzunguko wenyewe. Shika jambo hilo, litarudi mbele.

Nafasi kati ya shingo ya krenki na beringi ni ndogo mno. Kwa makadirio ya kawaida ni kati ya maikroni 0.75 na 1 kwa kila milimita ya kipenyo, na milimita moja ina maikroni 1,000. Yaani shingo ya milimita 65 inataka nafasi ya kama milimita 0.05 hadi 0.065. Huo ni unene wa unywele mmoja. Moto unapolipuka juu ya pistoni na konrodi ikasukumwa chini, utando wa oili upande uliobanwa unaweza kubaki maikroni moja au mbili tu.

Sasa fikiria nini kinatokea utando huo ukivunjika. Kichanga kikiingia, utavunjika. Konrodi ikipinda, utavunjika. Nafasi ikibana, oili ikichanganyika na dizeli, kifuniko cha beringi kikifungwa kinyume, utavunjika vilevile. Baada ya hapo mambo ni yale yale: chuma kinagusa bitana, joto linapanda, bitana inayeyuka, kipande kinakuwa cheusi. Magonjwa kumi yanaishia kwenye maiti ya sura moja.

Kipande cha namba tatu kilikuwa kinatuonyesha dakika ya mwisho ya injini. Safari iliyoifikisha pale kilishaiyeyusha chenyewe.

Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: ukitaka kujua kilichoua, soma kipande kilichoharibika kidogo kuliko vyote. Bado kina alama za mwanzo.

## Meza kwanza, mafuta ya taa baadaye

Gereji nyingi hufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), hung'oa vifuniko, hutupa beringi zote kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Hapo kesi imekwisha. Huwezi tena kujua kipi kilikuwa juu, kipi chini, kipi mbele, kipi nyuma.

Utaratibu unaofaa huanza kabla hata ya kufungua. Kama injini bado inazunguka, ondoa swichi ya taa ya oili na ufunge geji ya kweli. Taa ya dashibodi huzimika kwa presha ndogo sana, haifai kuwa ushahidi. Kwa kipimo cha gereji, injini iliyopata moto inatakiwa itoe walau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Kata filta kwa kikata filta, kunjua karatasi yake, ikamue, iweke juani. (Ukikata kwa msumeno au gurudumu la kusagia umejaza vumbi la chuma ndani yake na umejidanganya mwenyewe.)

Kisha kila kipande kinapotoka, andika kwa kalamu ya rangi mgongoni: K1 juu, K1 chini (konrodi ya kwanza), M1 juu, M1 chini (meni ya kwanza). Vilaze kwa safu mbili kwa mpangilio wa injini. Usivisugue. Vifute taratibu kwa kitambaa laini, basi.

Kusoma kipande kimoja kimoja ni kosa la pili. Soma safu. Uharibifu ukiwa kwenye kipande kimoja, tafuta kosa la mahali hapo: konrodi hiyo, nozeli hiyo (kinyunyizio cha dizeli), kifuniko hicho. Ukiwa umesambaa kwenye safu nzima, tafuta kitu ambacho vyote vinashiriki: oili, krenki, bloku, mzigo, dereva.

Na kumbuka nani anabeba nini. Kwenye konrodi, kipande cha juu ndicho kinachopokea kipigo cha moto. Kwenye meni ni kinyume: kipande cha chini, kilicho kwenye kifuniko, ndicho kinachobeba. Ukikuta kipande cha chini cha konrodi ndicho kimelika zaidi, injini hiyo ilikuwa ikizungushwa kupita kiasi, kwa mfano kwa kushuka mlima na gia ndogo.

Lori letu lilikuwa na kitu cha kusomeka. Vipande vya K3 na K2 vilikuwa vimeungua. K4 ilikuwa imekwaruzika vibaya. K1 ilikuwa hai.

## Nukta za shaba

Kipande cha K1, cha juu, kikitazamwa kwa lenzi ya fundi saa dhidi ya mwanga wa dirishani, kilikuwa na nukta. Kila nukta ilizungukwa na duara dogo linalong'aa.

Duara hilo ndilo saini ya uchafu uliozama. Kichembe kigumu kinapobanwa kwenye bitana laini, bitana inayosukumwa hufura kukizunguka, kama udongo unavyoinuka ukikandamiza jiwe ndani yake. Shingo ya krenki inasugua ukingo ule ulioinuka, unang'aa. Bitana imeumbwa laini makusudi, ili imeze vichembe vidogo na krenki isikwaruzike. Ila ina kikomo. Kichembe kikubwa hakizami chote, na vichembe vikiwa vingi tumbo linajaa.

Basi ni uchafu. Lakini uchafu wa nini?

Wa kwanza kulaumiwa huwa vumbi, na kwa lori linalopita barabara za murram wakati wa kiangazi si lawama ya kubuni. Vumbi likipita kwenye bomba la hewa lililopasuka baada ya filta ya hewa, lazima limekula ringi na silinda kabla ya kufika kwenye oili. Silinda zilipimwa. Zilikuwa safi, alama za kuhoni (mistari ya kusugulia silinda) zinaonekana.

Fundi alichokoa nukta moja kwa ncha ya sindano, akaiweka juu ya karatasi nyeupe. Sumaku haikuivuta. Haikuwa chuma. Chini ya lenzi ilikuwa na rangi ya senti kumi ya zamani.

Shaba.

Hapo pampu ilianza kutoka kizimbani. Beringi zilizofungwa wiki sita zilizopita zilikuwa za alumini na bati. Ni rahisi kujua: kwaruza ukingo wa kipande kwa kisu, ukiona fedha mpaka kwenye chuma cha mgongoni, ni alumini, ukiona wekundu wa shaba chini ya ngozi ya kijivu, ni shaba na risasi. Beringi hizi zilikuwa fedha tupu. Haziwezi kutoa shaba.

Shaba ndani ya injini hutoka sehemu chache. Bushi za tabo, lakini tabo haikuwepo. Bushi za juu za konrodi, zinazoshika pini ya pistoni. Zilipimwa, zote nne zilikuwa ndani ya kipimo na hazina mkwaruzo. Bushi za kamu, shafti inayofungua vali, hazikuwa zimelika. Ilibaki sehemu moja.

Beringi zilizokufa mara ya kwanza.

## Uchafu ulipitia wapi

Palikuwa na shaka moja iliyokataa kuondoka. Meni zilikuwa na mikwaruzo midogo tu. Konrodi ndizo zilizokufa. Na ukosefu wa oili pia huua konrodi kwanza, kwa sababu oili hufika meni, kisha ndipo hupenya ndani ya krenki kwenda konrodi. Je, pampu haikuwa na hatia hata kidogo?

Jibu lilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Uchafu ukitoka kwenye mfereji mkuu wa bloku, utawapiga meni kwanza. Hao ndio walio mlangoni. Ukiwapita meni bila kuwadhuru na kuwaua konrodi, basi haukuja kutoka kwenye bloku. Ulikuwa umelala baada ya meni, ndani ya krenki yenyewe.

Krenki ina matundu marefu yaliyotobolewa kwa mshazari kutoka shingo ya meni hadi shingo ya konrodi. Nyingine zina vizibo vidogo mahali tundu lilipoanzia, na nyuma ya kizibo hubaki kifuko kipofu. Krenki inapozunguka, vichembe vizito hutupwa nje na kujikusanya kwenye kifuko hicho. Hapo hukaa. Huwezi kuvitoa kwa kupuliza hewa upande mmoja.

Kizibo cha tundu la konrodi namba tatu kilipotobolewa na kuvutwa, kilichotoka kilikuwa tope jeusi lenye kumetameta. Ndani yake kulikuwa na shaba, na kulikuwa na vumbi la jiwe la kuchongea.

Vumbi hilo la jiwe liliniuma zaidi ya shaba. Maana yake krenki ilichongwa, ikapanguswa kwa nje, ikang'aa kama kioo, ikarudishwa kwenye injini ikiwa na sandipepa tumboni. Kuchonga krenki bila kusafisha matundu yake si nusu ya kazi. Ni kuandaa kifo kingine kwa pesa ya mteja.

Pampu nayo ilifunguliwa kwa haki yake. Nafasi ya meno na ya kifuniko ilipimwa kwa fila (bapa nyembamba za kupimia nafasi), ikawa sawa. Vali ya kupunguza presha ilikuwa inateleza vizuri kwenye tundu lake. Chujio la kwenye sampu halikuziba wala bomba lake halikuwa na ufa unaovuta hewa. Mwenye lori alikuwa karibu kununua pampu mpya, na pampu mpya ingepeleka oili vizuri kabisa kupitia tope lile lile.

## Kipande kwenye kopo la nati

Lakini kulikuwa na swali kubwa kuliko hilo.

Kama seti ya pili iliuliwa na mabaki ya seti ya kwanza, nani aliiua ya kwanza?

Seti ya kwanza iliuzwa kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu. Hakuna aliyeiandika namba, hakuna aliyeipiga picha. Hii ndiyo hasara ambayo haina risiti: beringi nzee zina thamani ya sukari kilo moja kwa wanunuzi wa skrepa, lakini kwa injini ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Kilichookoa kesi ni kopo la nati. Tanboi alikuwa akitafuta washa, akamwaga kopo, na kikaanguka kipande kimoja cha beringi ya konrodi chenye wekundu wa shaba. Kilikuwa kimetumika kuchotea grisi.

Kipande kile hakikuungua. Kilikuwa na nyufa zilizopishana kama tope la bwawa lililokauka, na katikati vibapa vya bitana vilikuwa vimedondoka vikaacha mashimo yenye kingo kali.

Hapa ndipo wengi husema "beringi feki", na soko letu linawapa sababu ya kushuku. Ila kuna njia ya kutenganisha. Tazama sakafu ya shimo. Beringi ambayo bitana yake haikushikamana vizuri na mgongo huachia mpaka chini: utaona chuma laini, kitupu, kinachong'aa. Beringi iliyochoka kwa kupigwa, ufa hushuka, ukikaribia chuma hugeuka na kutembea sambamba nacho, hivyo huacha utando mwembamba wa bitana sakafuni. Kipande cha kopo kilikuwa na utando huo, wenye kukwaruza ukiugusa, wenye rangi ya shaba.

Kilichoka. Kilipigwa kwa uzito ambao hakikuumbiwa, mara nyingi, kwa muda mrefu.

Sababu za kipigo cha namna hiyo kwenye dizeli ni chache: dizeli kuingizwa mapema mno, dizeli kuingizwa nyingi mno, au injini kulazimishwa kuvuta mzigo mkubwa ikizunguka polepole. Ya kwanza ilipimwa, taimingi ilikuwa sahihi. Kwenye pampu ya dizeli, waya wenye lakiri unaolinda skurubu ya kipimo cha dizeli ulikuwa umekatwa. Kuna mtu aliongeza dizeli ili lori lipate nguvu.

Na ya tatu aliitaja dereva mwenyewe, bila kuficha, kwa sababu hakuona kosa.

"Fundi, mlima wa Kanaba na mzigo ukirudisha gia unapoteza mwendo wote. Unaiacha ijikokote tu, inafika."

Sasa mrudie Tower na kizibo chake. Anayenyanyua krenki ni mzunguko. Kwenye mpando wa Kanaba, na magunia ya viazi mgongoni, gia kubwa, injini ikiguna kwa mizunguko 1,000 na mguu ukiwa sakafuni, moto juu ya pistoni ni mkubwa kuliko wote na unyanyuaji ni mdogo kuliko wote. Geji ya oili itakuonyesha presha nzuri tu. Utando hautakuwepo.

Je, nina uhakika? Sina wote. Kipande kilikuwa kimoja, hakina namba. Kama ningeona vinane na vyote vya juu vimepasuka sawasawa, ningesema ni dereva na skurubu. Kama ni kimoja tu, ningeivua nozeli ya silinda hiyo kwanza. Kwa kipande kimoja naweza kutaja ugonjwa. Siwezi kusema ulienea kiasi gani.

## Alama nyingine, kwa haraka

Nyuma ya kipande hutazamwa mara chache, na huko kuna habari nyingi. Mgongo unaong'aa kwa viraka maana yake beringi ilikuwa ikicheza ndani ya nyumba yake: kifuniko hakikukazwa kwa kipimo, au nyumba imepanuka. Ikiendelea hivyo itazunguka, itaziba tundu la oili, na konrodi itatoka kupitia ubavu wa bloku. Doa jeusi mgongoni lenye doa linalong'aa mahali hapo hapo upande wa ndani ni uchafu ulioachwa chini ya kipande wakati wa kufunga. Hata kipande cha karatasi kinatosha.

Na kuna wanaofanya hivyo makusudi. Krenki imelika, pesa ya kuchonga hakuna, basi hukatwa kibati cha kopo kikawekwa nyuma ya beringi, au vifuniko hupigwa msasa ili vibane. Injini hunyamaza. Dereva hufurahi. Lakini tundu si duara tena, joto halipiti kwenda kwenye chuma cha konrodi, na karibu na maungio ya vipande viwili beringi inaikaba shingo. Ukiona kulika pande zote mbili za maungio, juu na chini, tafuta kifuniko kilichopigwa msasa au nati zilizokazwa bila spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukiona kulika upande wa kushoto wa maungio juu na wa kulia chini, kifuniko kimesogea au kimefungwa kinyume.

Kulika kwa ukingo mmoja wa kipande cha juu na ukingo wa upande mwingine wa kipande cha chini ni konrodi iliyopinda. Ukingo mmoja, upande ule ule, juu na chini, ni shingo iliyochongwa kama kabari. Kingo zote mbili zikilika, mchongaji ameacha kona za shingo zikiwa nene na beringi inapanda juu yake.

Rangi nyeusi yenye vishimo vidogo kila mahali ni asidi, ya oili iliyopitiliza muda au maji ya radieta yanayovuja ndani. Shaba na risasi huathirika zaidi kuliko alumini.

Na washa za nusu mwezi, zinazoizuia krenki isiende mbele na nyuma: mifereji yake lazima itazame krenki. Zikifungwa kinyume zinakufa mapema. Zikifungwa vizuri na bado zikafa, muulize dereva anapoweka mguu wa kushoto kwenye foleni ya Kibuye. Klachi iliyokanyagwa nusu saa inaisukuma krenki mbele nusu saa.

## Seti ya tatu

Krenki ilirudi kuchongwa, safari hii 0.50. Kumbuka kwamba 0.50 ni milimita zinazopunguzwa kwenye kipenyo: kila kipande kinakuwa kinene kwa milimita 0.25 kuliko cha standadi, na hilo linapimika kwa maikromita yenye ncha ya mviringo kabla ya kulipa, usiamini mhuri wa mgongoni peke yake. Vizibo vyote vya krenki vilitolewa. Matundu yalisuguliwa kwa brashi ndefu nyembamba na maji ya moto yenye sabuni, kisha mafuta ya taa, kisha hewa kutoka pande zote mbili, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Vizibo vipya vikapigwa na kufungwa kwa kugongwa ukingoni.

Mfereji mkuu wa bloku ulifanyiwa hivyo hivyo. Kila shingo ilipimwa sehemu sita, na tofauti yoyote iliyozidi milimita 0.01 ilirudishwa kwa mchongaji. Nafasi ilipimwa kwa uzi wa plastiki unaobanwa kisha ukapimwa upana, kwenye kila shingo, kifuniko kikiwa kimekazwa kwa toki kamili na krenki bila kuzungushwa hata kidogo. Mgongo wa beringi ulifungwa mkavu, uso ukapakwa oili. Skurubu ya pampu ya dizeli ilipelekwa kwa fundi wa pampu, ikarudishwa kwenye kipimo na kufungwa lakiri. Filta ilijazwa oili kabla ya kufungwa, na injini ikazungushwa kwa stata bila dizeli, kwa vipindi vifupi, mpaka geji ikapanda. Ndipo ikawashwa.

Dereva aliandikiwa namba moja kwenye dashibodi: 1,500. Mshale ukishuka hapo mlimani, rudisha gia.

Jambo moja lilibishaniwa mpaka jioni. Kipoza oili. Ndani yake kuna njia nyembamba nyingi zilizokunjwa, na beringi zikishakufa, chenga hujificha humo pasipofikika. Fundi alitaka kipya. Mwenye lori, ambaye alikuwa amelipia ovahoo mbili kwa miezi miwili, aliomba kioshwe. Kikaoshwa, kikapulizwa, kikafungwa. Kwenye injini hii kipoza kiko kabla ya filta, na hiyo ndiyo hoja iliyoshinda: kikitema kitu, filta itadaka. Hoja ina ukweli, ila filta ina mlango wa dharura. Oili ikiwa nzito asubuhi, au karatasi ikijaa, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa.

Tulikubaliana filta ikatwe kwa kilomita 500.

Ilikatwa wiki iliyopita. Karatasi ilikunjuliwa yote, ikakamuliwa, ikatazamwa juani mkunjo kwa mkunjo. Ilikuwa safi mpaka karibu na mwisho, ambapo kwenye mikunjo miwili zilionekana chembe tisa za shaba.

Beringi za lori hili sasa hazina shaba. Kipoza kipya kiliagizwa siku hiyo hiyo, na lori limeegeshwa mpaka kifike.